Mkanda Uliowekwa Kama Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema anasoma chuo kikuu mambo ya masoko ya fedha ya kimataifa. Alipokuja likizo hapa kijijini Daudi, alikaa uani na kitabu kinene kuliko misale ya kanisani, na kila baada ya ukurasa anaiangalia simu. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Dola, bibi."

"Imefanyaje?"

"Imepanda kidogo."

Nikaacha kuchambua maharage. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Neema akacheka. "Bibi, kwani una dola?"

Sina. Sijaishika hata moja maishani mwangu. Lakini niliwahi kuitafuta kwa miguu kutoka shamba la ngano hadi Hirbadaw, na nilipoipata ilikuwa imevaliwa na punda.

Nilipomsimulia akasema niandike, wenzake wasome, maana wao wanafundishwa hatari ya fedha za kigeni kwa mishale na michoro, na humo hamna punda hata mmoja. Basi naandika. Ninyi vijana mna haraka. Mimi kalamu yangu ilikuwa ya polepole tangu darasa la kwanza, mnivumilie.

Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika shamba moja la ngano la serikali, kule chini Hanang. Niliingia nikiwa binti niliyemaliza darasa la saba. Walinichukua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, basi, si kwa sababu nyingine. Kuongea sikuwa najua. Siku ya kwanza mkuu wa karakana, Fundi Lohay, mtu wa Dongobesh, aliniuliza jina mara tatu na mara zote hakusikia. Akawageukia mafundi wake akasema, "Jamani, huyu binti sauti yake ameisahau nyumbani. Lori likienda Mbulu lipitie Daudi liichukue." Karakana nzima ikacheka. Mimi nikaingia nyuma ya rafu za vichujio vya mafuta nikakaa huko mpaka saa ya chai.

Lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba mkanda wa mashine hautundikwi kwenye msumari, kwa sababu utajikunja pale na siku ya kazi utakatikia palepale. Unatundikwa juu ya gogo nene, la mviringo, mahali pasipofika jua wala harufu ya dizeli. Alinifundisha kuukunja mkanda kwa vidole na kuusikiliza kwa kidole gumba upande wa ndani: ukihisi vijistari kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi, ujue una siku chache. Na alinifundisha kutotupa mkanda wa zamani. "Wa zamani ni mgonjwa," alikuwa akisema, "lakini mgonjwa anaweza kuchunga mbuzi siku moja wenye afya wakiwa hawapo." Kwa hiyo kila msimu tulifunga mikanda iliyokwisha kutumika kidogo, ile mipya tukaiweka akiba, na ile iliyochoka sana tukaiweka kona ya nyuma kuwa akiba ya akiba.

Hofu ya mtu wa stoo ni tofauti na hofu ya watu wengine. Haogopi kilichopo. Anaogopa kile ambacho hakipo na bado hakijaulizwa. Nilikuwa naweza kula ugali wangu vizuri kabisa, halafu nikakumbuka beringi ya ukubwa fulani imebaki moja, nikaacha sahani nikaenda kuhesabu upya.

Na vipuri vile vyote vilitoka ng'ambo. Ngano ilikuwa yetu, udongo wetu, upepo wa Mlima Hanang unaokata masikio mwezi wa saba ulikuwa wetu, lakini mkanda wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, ulikuwa wa dola. Meneja alipeleka maombi, shilingi zikawekwa benki, halafu tukasubiri benki itoe fedha za kigeni. Kusubiri huko ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Meneja alikuwa akienda Arusha kufuatilia kibali anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na ukimwuliza anasema, "Bado."

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mwaka mmoja, miaka ya themanini, siku iliyofuata hotuba ya bajeti, tulikuwa karakana tunakunywa chai. Ngano ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Meneja alikuwa hukohuko Arusha. Redio ya Fundi Lohay ilikuwa imetundikwa kwenye tawi la chuma juu ya meza ya vifaa, ikikoroma kama kawaida yake, na katikati ya kukoroma ikasema kwamba serikali imeshusha thamani ya shilingi.

"Imeshushwa!" fundi mmoja akapiga kelele.

"Nini kimeshushwa?"

"Shilingi. Si umesikia? Imeshushwa."

"Basi na bei zitashuka."

"Kwa nini zisishuke? Shilingi si ndiyo bei yenyewe?"

"Hata sukari?"

"Sukari, sabuni, mpaka mikanda ya Fundi. Vyote vinasafiri na shilingi. Gari likishuka mlima, abiria wanabaki juu?"

Msitucheke sana. Kwetu sisi kushusha lilikuwa neno zuri. Mzigo ukishushwa, mtu anapumua. Gunia likishushwa kwenye lori, siku imekwisha. Hatukuwahi kusikia kitu kibaya kinachoshushwa, isipokuwa bendera, na hiyo huwa jioni na kesho inapandishwa tena. Tukashikana mikono. Mimi nami nilifurahi, tena kwa sauti, mpaka Fundi Lohay akasema, "Kumbe sauti ilishafika!"

Akavaa kofia yake, akaja dirishani kwangu.

"Binti, fungua. Toa mikanda yote mipya tufunge. Mwaka huu tutavuna kama watu."

"Na akiba, Fundi?"

"Akiba inakuja kutoka Arusha, tena kwa bei ya kushuka. Tulioomba kumi watatupa ishirini."

"Na ile ya zamani?"

Alifikiri kidogo. Ndiye aliyenifundisha habari ya mgonjwa na mbuzi. Lakini furaha ni kitu kibaya sana kwa fundi. "Wape watu," akasema. "Wamekuwa wakiiomba miaka mingi."

Wakapewa. Habari ilitembea haraka kuliko moto wa nyasi. Walikuja watu wa vijiji vya karibu, wakaja wachungaji wa uwandani, wakaja wake za wafanyakazi. Mkanda wa kombaini ni mali: ukiukata unapata kamba za kufungia nira ya ng'ombe wa kulimia, unapata soli, bawaba za mlango wa banda, kamba ya ndoo ya kisimani. Hata mama yangu nilimpelekea kipande cha kufungia ndama. Kona ya nyuma ya stoo ikawa nyeupe, na mimi nikaifagia vizuri nikaona nimefanya kazi.

Mdogo wangu Paulo akafika siku chache baadaye, juu ya lori la dizeli. Paulo alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Alikuwa akisoma haya haya anayosoma Neema, na Neema ni mjukuu wake wa kuzaa, kwa hiyo mnaona ugonjwa huu unarithiwa. Mwalimu wake alimtuma atafute shirika linalonunua vitu ng'ambo, aulize linajikingaje na hatari ya fedha za kigeni. Paulo akaona asihangaike, aje kwa dada.

Aliwasalimia wakubwa wote karakana mmoja mmoja, shikamoo mpaka koo likakauka, halafu akafungua daftari mbele ya Fundi Lohay.

"Fundi, shilingi imeshuka. Hapa shambani mmejikingaje?"

"Kujikinga na nini?" Fundi akauliza. "Tumefurahi."

Paulo akanitazama mimi. Nikamwonyesha mikanda mipya jinsi inavyong'aa kwenye mashine. Nikamwonyesha kona niliyoifagia. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia harufu ya moshi ndani ya nyumba ya nyasi.

"Dada," akasema polepole, "ukienda mnadani Dongobesh na mbuzi, unataka kitenge. Wiki iliyopita mbuzi mmoja alitosha kitenge. Leo watu wamemdharau mbuzi wako, wanasema amekonda. Kitenge kimeshuka bei?"

"Hapana. Kitenge kiko palepale."

"Nani ameshuka?"

"Mbuzi."

"Basi shilingi ndiyo mbuzi wetu. Mwenye kitenge yuko ng'ambo, na anataka mbuzi wengi zaidi kuliko wale mliowapeleka benki."

Fundi Lohay alivua kofia akaiangalia ndani, kama vile mikanda ingekuwa imo humo.

Meneja aliporudi hakusema "bado." Alisema benki inataka shirika liongeze shilingi, na shirika halina za kuongeza msimu ule, labda baada ya kuuza ngano. Yaani tuvune kwanza, ndipo tununue mikanda ya kuvunia.

Vijana, ngano si mahindi. Mahindi yakikauka yanakusubiri mpaka ujisikie. Ngano ikikomaa ina siku zake. Upepo ukivuma punje zinadondoka. Ndege kweleakwelea wakiiona wanakuja kama wingu jeusi, wanatua, na wakiondoka masuke ni mabua. Mtu akitupa kiberiti barabarani, umekwisha. Nilikuwa nikitoka nje ya stoo nasikiliza upepo, nikirudi ndani nasikiliza mashine. Mashine zikiunguruma naendelea kupanga rafu. Moja ikinyamaza, niko dirishani kabla mtu hajaja kuniambia.

Na zilianza kunyamaza. Ile mikanda tuliyoiita mipya ilikuwa mipya kwa sura tu. Ilikaa stoo miaka mingi, mpira ukakauka ndani kwa ndani. Mmoja ukakatika, wa pili, wa tatu. Kila ukikatika Fundi anakuja dirishani. Anasimama tu, nami natikisa kichwa.

Tukaanza kwenda kwa watu kuomba vilivyokuwa vyetu. Hiyo aibu nisingependa muipate. Unabisha hodi, unasalimia, unakaribishwa, unakunywa maziwa, halafu unasema, "Mama, ule mkanda." Na mama anakuonyesha: umekatwa vipande vitatu, kimoja kiko kwenye mlango wa kuku. Mzee mmoja alinivulia viatu vyake. Akasema, "Kama vitavuna, chukua." Fundi Lohay alijaribu kuunganisha vipande kwa waya na misumari ya bati. Kombaini iliwashwa, mkanda ukazunguka kidogo, halafu ukaruka juu ya paa la karakana. Mafundi wote walilala chini kifudifudi. Walipoinuka walimtazama Fundi, naye akasema, "Angalau umejifunza kuruka."

Mashine zikabaki mbili, kisha moja. Na hiyo moja ilikosa mkanda mkubwa, ule unaozungusha pipa la kupura. Shamba la mwisho, upande wa Hirbadaw, lilikuwa bado limesimama lote, la rangi ya simba. Hilo ndilo lilikuwa limebaki kati yetu na kufukuzwa kazi, maana Meneja alikwisha kutuambia: msimu ukipotea, wafanyakazi wote wa muda wataenda nyumbani, na wa kudumu watafikiriwa. Mimi nilikuwa bado wa muda.

Dereva mmoja wa trekta akasema ameona mkanda mzima. Uko Hirbadaw, kwa mzee Gidamis, umevaliwa na punda wa maji.

Nikaenda na Paulo. Mzee Gidamis alikuwa mfugaji Mbarbaig mrefu, mwenye shuka jeusi na fimbo nyembamba. Nilimfahamu kwa sababu ya faini. Shamba letu lilipolimwa lilikata njia ya ng'ombe ya kwenda kwenye maji na chumvi, na ng'ombe wake wakipita walinzi wanawakamata, yeye analipa. Siku ya kugawa mikanda alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilimpa mkubwa kwa sababu ulikuwa umebaki peke yake, nikidhani naye ataukata.

Na kweli, punda alikuwa pale nje ya boma, mkanda wa kombaini umezungushwa mara mbili kifuani na tumboni kushikilia madumu ya maji. Mzima! Mke wa mzee alikataa usikatwe. Alisema kitu kisicho na mwanzo wala mwisho hakikatwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoto wa jembe hao. Mmekuja kunikamata?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kwa ajili ya mkanda."

"Ulinipa."

"Nilikupa, mzee."

"Ukitoa kitu, mkono unarudi peke yake."

Paulo akaingilia. Akasema tutanunua, akataja bei, na akaiongeza kabla hata mzee hajajibu. Ni tabia ya watu wenye wasiwasi. Mzee Gidamis alitazama mbali, kuelekea shambani.

"Kijana, unanipa shilingi?"

"Ndiyo, mzee."

"Hizi za sasa?"

"Ndiyo."

"Mimi nililipa faini kwa shilingi za mwaka juzi. Zile zilikuwa nene. Sasa mnanirudishia zilizokonda? Hapana. Nipe kitu kisichokonda."

"Kama nini?" Paulo akauliza.

"Njia."

Tulielewa mara moja, na Paulo akanishika mkono. Akaninong'oneza kwa Kiiraqw, lugha yetu, "Dada, usiseme kitu. Hatuna mamlaka." Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa na mamlaka juu ya kufuli moja. Lakini pale tulipokuwa tumesimama niliona juu ya lile shamba la mwisho kitu kama moshi kikigeuka na kujikunja. Hakikuwa moshi. Walikuwa kweleakwelea wa kwanza.

"Ng'ombe watapita," nikasema.

"Nani anasema? Shamba au wewe?"

"Mimi."

"Kwa sauti ndogo hivyo?"

"Ng'ombe watapita!" Punda aliinua masikio. "Tukimaliza kuvuna lile shamba, watapita njia yao mpaka kwenye maji, na hakuna atakayewakamata."

"Na wakikamatwa?"

Sikuwa na kitu duniani isipokuwa mtamba mmoja mwekundu, aliyekuwa kwa baba hapa Daudi. Nilimpata kwa mishahara yangu ya miaka yote. Nikasema, "Nina mtamba. Wakikamatwa, ni wako."

Paulo alikaa chini kwenye jiwe.

Mzee Gidamis alimvua punda mkanda yeye mwenyewe, akaukunja, akaniwekea begani. Ulikuwa na harufu ya jasho la mnyama. "Sikuuzii," akasema. "Wala sikupi. Ninauweka kwako. Unajua kuweka?"

Nilijua. Kwetu na kwao ni desturi: mwenye ng'ombe hawalazi wote katika boma moja. Mmoja anamweka kwa rafiki mlimani, mwingine uwandani, ili ugonjwa au kiangazi kisije kikamkuta na mlango mmoja. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na siku mwenyewe akija, hakuna kumjibu kwa maneno. Unamwonyesha ng'ombe.

Tulipokaribia karakana Paulo akauliza, "Meneja akikataa?" Nikamwambia anyamaze, maana hilo ndilo lilikuwa likitembea nami tangu Hirbadaw, sikuhitaji la pili.

Fundi Lohay aliupokea mkanda kama mtoto mchanga. Akaukunja, akausikiliza kwa kidole gumba, akanitazama. "Mgonjwa," akasema. "Lakini anatembea." Akaufunga. Kombaini ikaunguruma. Meneja akatoka ofisini mbio, anacheka, anauliza umetoka wapi. Nikamweleza.

Cheko likamwisha. "Nani amekupa ruhusa ya kugawa ardhi ya shirika?"

Sauti yangu ilikuwa imerudi Daudi.

"Nakuuliza, Yustina. Nani?"

Fundi Lohay akafuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kwa kidole. "Meneja," akasema kwa heshima zote, "niizime?"

Meneja alitazama mashine, akatazama lile wingu juu ya shamba, akatazama viatu vyake. Yeye naye alikuwa na watoto, na juu yake walikuwapo wakubwa. Leo namwelewa kuliko siku ile. "Msiizime," akasema. "Njia yenyewe ilipita wapi?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Shamba lilikuwa limeifuta.

Kesho yake asubuhi, kombaini ilipoanza kuvuna, mzee Gidamis alikuwa amefika. Alisimama ukingoni na kundi lake lote nyuma yake, hakuvuka hata hatua moja ndani ya ngano. Walinzi wakasimama upande wa pili. Mimi nikawa katikati, ingawa kazi yangu ilikuwa stoo na stoo ilikuwa mbali. Ng'ombe wana kiu, wanasikia harufu ya maji ng'ambo ya shamba, wanalia. Kombaini inakwenda inarudi. Kweleakwelea wanatua, dereva anapiga honi, wanainuka, wanatua nyuma yake. Vyote hivyo vilining'inia kwenye mpira mmoja uliotoka kifuani kwa punda.

Fundi Lohay alitembea kandokando ya mashine kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali. Mara akainua mkono, mashine ikasimama. Tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Ng'ombe wakasogea mbele; mzee Gidamis akawarudisha kwa mluzi. Nilimwona ananitazama. Sikuweza kumtazama. Nilimfikiria mtamba wangu, jinsi anavyokuja ukimwita, na nikaanza kumuaga kimoyomoyo.

"Umekatika?" Meneja akauliza kwa mbali.

"Unapumzika," Fundi akajibu. Akaimwagia maji puli, lile gurudumu la mkanda, akangoja, akauwekea mkanda kiganja. Paulo alikuwa ameshika daftari lake bila kuandika. Wakawasha tena. Ikaenda. Ikasimama. Ikapumzishwa. Ikaenda. Mpaka jua lilipoanza kuegemea mlima, kipande cha mwisho kikaingia mdomoni mwa mashine, na shamba likawa mabua matupu.

Meneja hakutoa hotuba. Aliwaonyesha walinzi kwa kichwa, wakasogea. Mzee Gidamis akapita mbele na kundi likamfuata kwa mstari, likipinda pasipo na kona, likizunguka kitu ambacho hakikuwapo tena, labda mti uliong'olewa. Hivyo ndivyo tulivyoiona njia ilikopita.

Iliachwa wazi mpaka alipokuja meneja mwingine, ambaye hakuahidi kitu na akailima. Mikanda ya dola ilifika ngano ikiwa imekwisha kuliwa mikate, tena pungufu ya ile tuliyoomba. Paulo aliandika kazi yake yote, na punda akamweka. Mwalimu wake akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Mkanda ni chombo gani cha fedha?" Alifaulu, lakini kwa kukwaruzwa. Mimi walinifanya wa kudumu.

Kabla ya hayo yote, mara tu baada ya mavuno, nilikuwa stoo napaka rafu mafuta ya taa kuzuia mchwa. Kivuli kikaingia dirishani. Nikainua macho, ni mzee Gidamis, na nyuma yake punda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kumwangalia ng'ombe wangu."

Nikasema hatuna ng'ombe wake, walinzi hawakumkamata hata mmoja. Akaningoja, kama unavyomngoja mtoto amalize hesabu. Ndipo nikaelewa. Nikaenda nyuma, kwenye gogo nene nilipoutundika, nikautoa mkanda. Ulikuwa umeliwa pande zote mbili, umebaki mwembamba, na mahali pamoja nyuzi zilikuwa nje. Kwa sheria ulikuwa mali ya shamba. Fundi Lohay alikuwa akinitazama kutoka mezani kwake, na Meneja alikuwa mlangoni. Hakuna aliyenikataza, nami sikuuliza.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Akaukunja, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, taratibu, mpaka akarudi pale alipoanzia.

"Amekonda," akasema.

Nilidhani sasa atamtaja mtamba.

Akageuka, akamzungushia punda mkanda mara mbili, kifuani na tumboni, akavuta kuona kama unashika.

"Lakini amerudi."